Ukurasa wa Wanachama

Likoni, 7 Novemba 1999

Shemeji Matano,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, na mvua za vuli zimeanza.

Eda ilipokwisha nilivuka kwenda mjini, kwenye duka la kompyuta, nisome aliyokuwa akiwaandikia nduguyo Boga katika ukurasa wa chama chenu kwenye mtandao. Dada wa pale akaniambia, "Mama, hapa pamefungwa. Wanaingia wanachama tu."

"Mimi ni mkewe!"

"Kompyuta haijui harusi, mama."

Nilirudi nikilia, ndipo nikakupigia simu. Ahsante kwa kuwaomba wenzako wanikubali, ingawa chama ni cha wanaume mliocheza mpira pamoja. Jana niliandika neno la siri mlilonipa, pakafunguka. Nikamkuta Boga akiwahadithia kuwa mchuzi wangu wa kwanza ulikuwa chumvi tupu, naye akaumaliza. Miaka ishirini aliniambia ulikuwa mtamu! Nilicheka mpaka dada yule akageuka.

Mungu awalipe nyote. Nina ombi moja. Najua anayefariki huondolewa kwenye orodha, Boga msimwondoe. Jina langu liandikeni chini ya lake.

Shemejiyo akushukuruye,
Mwanatatu