Sauti ya Alhamisi

Wazo,
Dar es Salaam.
12 Juni, 1983

Kwa dada yangu mpendwa Sesilia,

Shikamoo dada, na Tumsifu Yesu Kristo. Ni mimi mdogo wako Gregori. Hujambo wewe, na shemeji, na watoto? Goti la shemeji limepoa, au bado linampigisha kelele usiku wa mvua? Na shamba la mihogo je, safari hii nguruwe wamewaachia hata mizizi? Huku kwangu sote tu wazima wa mwili. Mwanangu mkubwa ameng'oka meno ya mbele na anacheka kama babu. Habari za mama sijaziuliza hapa juu kwa makusudi, maana barua yote hii ni yake.

Dada, ukifika hapa toka nje ukakae peke yako. Usisome kwa sauti.

Barua uliyomwandikia Albano ilifika Temeke wiki iliyopita. Yustina mkewe hakuifungua. Aliiweka juu ya kabati, akamtuma mtu aje kuniita. Niliisoma nimesimama, halafu nikakaa sakafuni. Unamweleza kwamba mlisikia tangazo la kifo chake redioni, mkaanza kulia, majirani wakaja na kuni na maji. Kisha ikaja Alhamisi, redio ya mwenyekiti wa kijiji ikafunguliwa kama kawaida, na mkamsikia Albano mwenyewe akiongea na kucheka katika mchezo wake. Mwenyekiti akatamka mbele ya watu kwamba maiti haongei redioni, na kwamba tangazo lile ni uzushi wa walanguzi wa Dar es Salaam wanaomchukia kwa sababu mchezo unawaumbua. Mkachinja kuku mkamshukuru Mungu. Umemaliza kwa kumuuliza Albano mbona hajibu, au amekuwa mkubwa.

Dada yangu, tangazo lile nililipeleka mimi. Lilikuwa la kweli. Ndugu yetu Albano amefariki. Alianza kwa kuumwa kichwa wiki moja baada ya Pasaka, shingo ikakakamaa, tukamkimbiza hospitali, na hakurudi. Tumemzika huko huko Temeke.

Ile sauti mliyoisikia ni kanda. Michezo ya redio hurekodiwa mapema, Alhamisi nyingi kwa mpigo, kisha kanda zinakaa kabatini zikingoja zamu yake. Albano alikuwa kaburini na kanda zake zilikuwa hazijaisha. Nilidhani kila mtu anajua hivyo. Mtu anayeishi karibu na redio husahau kwamba kuna wanaoishi karibu na ile sauti tu.

Siwalaumu, maana hapa mjini tumeona makubwa zaidi. Unajua Albano alikuwa anaigiza Bwana Gunia, yule mlanguzi anayeficha sukari na sabuni. Basi kupanga foleni ya sukari kukamshinda. Akisimama tu, watu wanamuuliza kama ile ya uvunguni imekwisha. Mwanzoni ulikuwa utani. Msako wa walanguzi ulipoanza, balozi wa nyumba kumi alikuja na mgambo wakapekua mpaka chini ya kitanda, wakakuta viatu vya watoto na ndoo iliyotoboka. Albano alicheka sana, akasema kumbe anaigiza vizuri. Yustina hakucheka. Na siku ya mazishi jirani yao Hija, bibi anayeuza karanga, alikataa katakata kuja. Alisema Bwana Gunia hafi, hiyo ni mbinu ya kutoroshea sukari ndani ya jeneza. Alipoambiwa ni kweli alikuja mbio, jeneza limeshaondoka, akalia kuliko sisi wafiwa.

Sasa fikiria hali yetu. Tunajua tangazo limetoka, tumelisikia kwa masikio yetu, tukakaa tunawangoja nyie. Kimya. Nikasema labda Rufiji imefurika na barabara ya kusini imefungwa. Mvua zikakatika, bado kimya. Ndugu wa Yustina waliotoka Songea wakaanza kunong'ona kwamba binti yao aliolewa na mtu asiye na kwao. Mpaka leo Yustina yumo ndani ya kaniki ya ujane, kwa sababu hawezi kuvuliwa bila mtu wa upande wa mama, na msiba haujafungwa. Niliwakasirikia, dada. Niliapa sitaandika mpaka muandike nyie. Kumbe nyie mlikuwa mnakula kuku.

Lipo jingine, na hili ni zito kwangu kuliko yote niliyoandika hapo juu.

Kanda za Albano ziliisha katikati ya Mei. Mtayarishaji wa mchezo alikuwepo mazishini na alinisikia nikiwashukuru watu kwa niaba ya ukoo. Akanifuata mpaka huku Wazo, akasema wasikilizaji wanaandika kutoka kila mkoa wakimwulizia Bwana Gunia, na kwamba mimi nikifungua mdomo yeye anasisimka mwili. Sauti zetu unazijua. Utotoni mlikuwa mkiita gizani hamjui nani kaitika. Akaniomba niingie mimi mahali pake, bila kutangaza.

Nilikubali. Usidhani ni kwa sababu ya sifa, maana hakuna anayejua kuwa ni mimi. Nilikubali kwa kuwa nilipojaribu kile kicheko cha Bwana Gunia mara ya kwanza, nilimsikia Albano chumbani. Nilikuwa na hamu naye, dada. Nikawa nangoja siku ya kurekodi kama mtu anayekwenda kumwona mgonjwa. Nilidhani na watoto wake watafurahi. Alhamisi ya kwanza nilikwenda Temeke kusikiliza nao. Mdogo wao aliibusu redio. Yustina aliinuka, akatoka uani, na tangu siku hiyo ananijibu kwa kichwa tu. Ameniambia mara moja kwamba mume wake nimemkatalia kufa. Hata hivyo niliendelea.

Halafu ikaja barua yako, na chini kabisa umeandika habari ya kuchekesha. Umeandika kwamba mama uzee umeanza kumwingia. Kwamba Alhamisi moja ya mwezi wa tano, kijiji kizima kinacheka kwa Bwana Gunia, yeye aliinuka na kigoda chake katikati ya mchezo, akasema anayeongea humo ni Gregori. Mlimbishia, mwenyekiti akambishia, watoto wakamcheka. Tangu hapo haendi tena kusikiliza, hapaki mafuta, anakula kidogo, na amekuomba kipande cha kitambaa cheusi bila kusema cha nini. Umemwomba Albano amtumie dawa ya kuongeza damu.

Dada, mama hajazeeka. Nimewadanganya wasikilizaji wa nchi nzima, mtayarishaji mwenyewe husahau na kuniita Albano, lakini mama hakudanganyika. Tangazo mlimwambia ni uzushi, akawaamini kwa sababu ya ile sauti. Aliposikia sauti imebadilika akajua. Kama Gregori amekaa mahali pa Albano, basi Albano hayupo. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wiki zote hizi anamlilia mwanawe peke yake nyumbani kwako, na nyie mnamcheka, na aliyemletea habari hiyo ni mimi, kwa kicheko.

Nakuomba uende ukakae naye. Usimwandalie maneno marefu, na padre asitangulie. Mwambie tu kwamba alisikia sawasawa. Kitambaa mpe. Halafu mlie pamoja, msimwache tena peke yake.

Barabara sasa inapitika. Njoo naye, au mtume mjomba Fransis, Yustina avuliwe kaniki na msiba ufungwe. Redioni sitakwenda tena. Wakimtafuta Bwana Gunia nitawaambia amekufa, wakatangaze.

Nisalimie shemeji, watoto, na wote wanaoniulizia hapo kijijini. Mwenyekiti msalimie pia, hakukusudia ubaya. Mama mpe shikamoo yangu, na umwambie ni ya Gregori.

Ni mimi mdogo wako,
Gregori