Ndani ya Tumbo la Nyungunyungu

Élisabethville, Jumanne. Mvua bado inanyesha.

Nikifunga macho ninauona tena udongo ule ukiogelea.

Mume wangu Donati anafanya kazi katika laboratware, yaani maabara, ya hospitali, na leo daktari alimruhusu anioneshe hadubini. Tangu mimba yangu ilipotoka mwaka jana, bustani yetu hapa Kamalondo ndiyo hunituliza. Basi nilibeba udongo kidogo, pamoja na kinyesi cha nyungunyungu, kwenye jani la mgomba.

Udongo mtupu ulionesha vidudu vichache vilivyotulia. Kinyesi kilijaa vidudu, vikizunguka polepole katika duara la mwanga kama vinacheza ngoma nisiyoisikia.

"Bidudu bilikuwa binalala mu udongo," Donati alisema. "Nyungunyungu anabikula pamoja na majani. Mu tumbo yake iko maji na chakula, basi binaamuka, binamusaidia kuvunja ile majani."

"Habifi mule ndani?"

"Bingine binakufa. Bingi binatoka bizima, na mimea inapata chakula."

Sikuondoa jicho kwenye kioo. Nina mimba tena, na nilikuwa sijamwambia mtu, nikiogopa kwamba kuitaja kutaiharibu. Nikamwambia Donati pale pale, nikiwa nimeinama.

Nikasikia kiti kikivutwa taratibu hadi nyuma yangu.

"Ikala, mama," akasema. "Usisimame sana."

Hofu bado ninayo. Lakini leo tunaogopa wawili.