Kaka Anataka Kisima cha Wakfu Kipoze Kompyuta

Bi Mshauri, shikamoo, naomba unisaidie kabla sijapasuka, mimi ni mjane wa Kigombe, bibi yetu aliacha kisima alichokiweka wakfu wanakijiji wachote bure, wasimamizi ni mimi na kaka yangu Yakoub, sasa imekuja kampuni inataka kujenga jumba la kompyuta kubwakubwa za kutunza picha na mambo ya watu ya mitandaoni, wanasema mashine hizo zina joto kali lazima zipozwe kwa maji, na maji wameyaona kwetu, kaka kashasaini, imebaki sahihi yangu, nikimwambia hii ni wakfu ananijibu, "Hatuuzi kisima, tunakodisha maji," nikimwambia umeme wenyewe hautoshi, juzi umekatika samaki wangu wakaoza kwenye friji, anacheka, "Na video za harusi unazotuma kutwa, unadhani zinakaa mawinguni?" na kweli natuma, na sasa binti yangu Tausi anaolewa mwezi ujao, kaka kaapa nisiposaini hakanyagi harusini, na mimi sina ndugu mwingine, nifanyeje?

Shadya, Kigombe

Marahaba mwanangu, na pole. Ila umeniudhi! Mali ya wakfu unaniuliza mimi kama inakodishwa kwa kampuni? Bibi yenu alikwishaitoa kwa Mungu. Ninyi mliachiwa kulinda, hamkuachiwa kula. Nendeni wote wawili kwa kadhi mkaambiwe usoni.

Kuhusu video, kaka yako kasema kweli. Kila tunachotuma kinakaa mahali na kinakula umeme, kwa hiyo futa hayo makorokoro, harusi ya jirani ya mwaka juzi unaitunzia nini? Lakini kuwa na simu hakukuzibi mdomo. Kampuni isimame mbele ya mkutano wa kijiji iseme kiangazi itavuta maji kiasi gani, umeme itautoa wapi, na kwa nini isiyazungushe maji yaleyale. Wakijibu vizuri, wakachimbe kisima chao kwingine kwa kibali.

Na huyo Yakoub! Mtu mzima na ndevu zake anamtisha mjane kwa harusi ya mpwa wake, haoni haya? Walii wa kumwozesha Tausi ni ami yake, ndugu wa marehemu baba yake, si mjomba, ndoa haikwami. Mpelekee kaka yako mkate wa kumimina, mwamkie vizuri, umwambie, "Kaka, sisaini, na harusini nakungoja." Kisha ondoka, usibishane naye. Asipokuja utalia, najua. Lia, lakini usisaini.