Siku Tatu za Kulijaribu Gari

Mtaa wa Waberi,
Garissa.
Jumanne, 3 Februari 2026

Kwako mjomba mpendwa, Abti Guleid,

Assalamu aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo, Abti? Mama Hani hajambo? Na Hani mwenyewe, lile jino lake la mbele limeota au bado anacheka huku amefunika mdomo? Tangu mnara wa simu wa Kutulo uzime hatujasikia sauti zenu, na kila msafiri akitoka upande huo Hooyo, dada yako, humuuliza kama amekuona, hata kama msafiri huyo hakujui. Tuliambiwa kwamba kisima cha karibu na shule yenu kimekauka. Kama si kweli, alhamdulillahi. Kama ni kweli, Mungu awafungulie.

Sisi huku tu wazima, isipokuwa mgongo wa Hooyo. Akiinuka asubuhi hushika ukuta kwanza. Mvua ya mwisho wa mwaka haikufika hata Balambala, kwenye malisho yetu. Wanyama wetu wamekonda, ingawa ngamia bado wanatoa maziwa kidogo, na hayo ndiyo tunayokula na kuuza.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama ulivyotuzoesha tangu darasa la tano, na najua kalamu yako nyekundu iko mfukoni hata sasa. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalitoka mwezi uliopita. Nilipata B, na katika Kiswahili A ya kutoa. Nilitaka habari hiyo iwe ndiyo barua nzima. Lakini kuna jambo jingine, nalo linakuhusu.

Abti, Barwaqo ameuzwa. Najua wewe mwenyewe ulimtoa, ukamwambia baba yangu, Aabo, amtumie kama ngamia wake. Lakini ni ngamia wako, uliyemwacha katika kundi letu tangu ulipohamia Kutulo, na mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia ndama wake wakati wa likizo. Aliuzwa Jumatano iliyopita pamoja na majike wetu wawili, ili tununue gari la kuleta maziwa kutoka Balambala. Unajua jinsi mambo yalivyo. Hooyo anangoja gari la watu, gari la watu linangoja abiria, na madumu yanangoja juani. Siku mbili kati ya saba maziwa hufika yakiwa ya kumwagwa.

Kabla ya kununua, Aabo aliniita akasema, "Ilwad, wewe umesoma. Tafuta watu wa magari wanatazama nini." Nilifurahi mno. Nilisoma kwenye simu ya Hooyo kwa siku nne, nikaandika mambo kumi na moja katika daftari langu la Kemia lililobaki na kurasa. Ufungue kifuniko cha oili utazame kama kuna utando mweupe ndani yake. Utoe kijiti cha kupimia oili, ushike ile oili kwa vidole, maana nyingine hutiwa nzito ili injini mbovu inyamaze. Usisadiki kilomita za kwenye dashibodi. Na la kwanza kabisa, nililolipigia mstari mara mbili: injini iwe baridi unapofika. Gari bovu likishapashwa moto halisemi ukweli.

Jumapili asubuhi tulikwenda yadini, Aabo, kaka yangu Abdihafid na mimi. Mwenye yadi anaitwa Liban. Alitutolea gari dogo jeupe lenye nafasi pana nyuma, akasema limekaa pale tangu Ijumaa, halijawashwa. Wanaume kama saba walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki. Nilifungua daftari langu.

"Mzee, leo umekuja na mkaguzi wa shule?" Liban alimwambia Aabo. Walicheka. Mmoja akasema, "Binti, swali la kwanza lina alama ngapi?" Nilisogea kwenye gari ili nisiwatazame, nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa moto, Abti. Si moto wa jua, maana gari lilikuwa kivulini na hata saa moja na nusu ilikuwa haijafika. Ulikuwa moto wa kutoka ndani.

"Toa mkono, mama, hiyo si sufuria ya chai," Liban akasema. Wakacheka tena, na Abdihafid naye akacheka. Nikatoa mkono. Nikafunga daftari. Nikasimama nyuma ya Aabo, na mambo yote kumi na moja yakaisha hapo.

Liban alileta karatasi ya waranti, miezi mitatu kwa injini na giaboksi. Aabo alinipa niisome. Chini, kwa herufi ndogo, ilisema waranti haitambui gari linalobeba mizigo ya biashara, wala linalopita barabara isiyo ya lami, wala lililofunguliwa na fundi mwingine. Yaani ingekufa siku ya kwanza tu ya kwenda Balambala. Hilo nilijaribu kulisema, lakini kwa sauti ndogo, na Abdihafid akanidakia, "Amesema miezi mitatu, Aabo. Miezi mitatu ni mingi."

Aabo alimrudishia Liban karatasi yake. "Mimi nanunua gari kama ninavyonunua ngamia wa maziwa," akasema. "Siku tatu. Nikiona alifungwa chuchu ili kiwele kijae, namrudisha." Wanaume walicheka sana, mmoja akauliza gari lina chuchu ngapi. Lakini Liban alikubali mbele yao wote, Aabo akalipa, wakapeana mikono, wakasoma Fatiha. Siku tatu zinaisha kesho, Jumatano, alasiri.

Sasa sikiliza kilichonifanya nisilale vizuri. Aabo akienda msikitini alfajiri, hubaki huko mpaka jua litoke. Jana, kabla hajarudi, Abdihafid aliliwasha gari. Mimi nilikuwa nafagia uani. Injini iligonga kama mtu anayetikisa misumari ndani ya kopo, na nyuma ukatoka moshi wa rangi ya samawati, mwingi, ukatanda mpaka kwenye banda la mbuzi. Baada ya dakika kumi kugonga kukaisha na moshi ukatoweka. Aabo aliporudi, gari lilikuwa linanguruma vizuri na uani pamefagiwa. Akapiga boneti kwa kiganja, akasema, "Mashallah." Leo imekuwa vile vile, ila leo Abdihafid aliongeza oili kabla ya kuwasha, na jana pia aliongeza.

Nilimwambia, "Walaal, kaka yangu, hili gari ni gonjwa."

"Gari kuukuu lolote hutoa moshi asubuhi," akanijibu. "Hata wewe ukiamka unapiga miayo." Kisha akaacha mzaha. Akasema, "Ilwad, nina miaka miwili nimekaa juu ya mkeka ule nikiangalia ukuta. Leseni yangu inachakaa mfukoni. Usiniharibie." Macho yake yalikuwa mekundu. Sijawahi kumwona hivyo.

Siwezi kumsema kwa Aabo. Siwezi pia kunyamaza. Hooyo tayari amewaambia wanawake wenzake sokoni kwamba tutawabebea na madumu yao, na wanamwombea dua. Gari likifia njia ya Balambala, hatuna ngamia wengine wa kuuza ila hao wachache wa maziwa. Nakumbuka ulichoandika kwenye ripoti yangu ya darasa la nane: "Anajua, lakini hasemi." Nilidhani ulikuwa unanisifu kwa adabu.

Naiacha kalamu hapa. Hooyo ananiita.

Jumatano, jioni

Abti, narudi kwenye karatasi hii.

Leo alfajiri nilijitanda mtandio mkubwa wa Hooyo, nikaenda kusimama nje ya msikiti. Sijawahi kusimama mahali pale. Wanaume walipoanza kutoka walinitazama, mmoja akauliza nimefiwa na nani. Nilitamani ardhi inifiche. Aabo alipotokea mlangoni na kuniona, alikuja haraka bila hata kuvaa ndara zake sawasawa.

"Hooyo yako?" akauliza.

"Hooyo mzima. Aabo, twende nyumbani sasa, kabla gari halijawashwa."

Aliongoza njia. Tulimkuta Abdihafid na chupa ya oili mkononi. Aabo aliweka kiganja juu ya boneti, akakiacha hapo kwa muda, halafu akamwambia awashe. Yakatokea yale yale, mlio na moshi. Mbuzi wakakohoa. Abdihafid alibaki ameketi ndani, mikono juu ya usukani, hatazami mtu.

"Jumapili ilikuwaje ulipoigusa?" Aabo aliniuliza.

"Ilikuwa moto, Aabo."

"Ulijua maana yake?"

"Nilijua."

Aabo akasema, "Basi alifungwa chuchu." Akamwambia Abdihafid asogee, akaingia.

Fundi aliyelitazama gari njiani tukilirudisha kwa Liban alitoa kijiti cha oili, akavuta uzi mrefu kati ya vidole viwili kama wa asali, akasema ile si oili ya gari dogo, ni nzito ya kuficha kelele, na injini imelika ndani. Liban hakubisha. Mashahidi wake mwenyewe walikuwepo kwenye viti vile vile, na safari hii hakuna aliyecheka. Gari amelipokea. Ila pesa, amesema, zimeshaingia kwenye magari mengine yanayotoka Mombasa, na atazirudisha baada ya Idi. Au tuchague gari jingine pale pale yadini. Aabo alikataa kuchagua. Tulirudi kwa miguu.

Tulipofika karibu na soko la mifugo alisimama, akaninyooshea zizi la yule mfanyabiashara aliyewanunua ngamia wetu. Lilikuwa tupu. Akasema, bila ukali wowote, "Walikuwa hapa mpaka juzi Jumatatu jioni, ndipo walipopakiwa kwenda Nairobi. Jumapili ungeniambia, ningekuja hapa hapa kumrudishia pesa yake. Alikuwa mtu wa kusikia." Kisha akaendelea kutembea.

Hilo ndilo neno alilosema, Abti, na hajalirudia. Ningependa angepiga kelele. Wale majike wawili walikuwa wetu na tutawalilia wenyewe. Barwaqo alikuwa wako. Aliuzwa kwa haki, lakini hakurudi kwa sababu yangu, maana alikuwa mita chache kutoka njia tuliyopita tukitoka yadini, na mimi nimembana mdomoni pamoja na maneno yangu kwa sababu watu saba walicheka.

Abdihafid hajasema nami tangu asubuhi. Nilimpelekea chakula, akakigeuzia mgongo. Kesho Hooyo atakwenda tena kungoja gari la watu, na nitafuatana naye nimbebee madumu kwa sababu ya mgongo. Amewaambia wenzake sokoni kwamba gari limerudishwa. Hakuna aliyemlaumu, na hiyo imemwumiza zaidi.

Aabo ameniambia niliweke daftari vizuri. Amesema pesa zikirudi, kama zitarudi, tutakwenda yadi nyingine kabla jua halijapanda, na mimi nitalifikia gari kwanza, yeye atasimama nyuma yangu. Nimesema ndiyo. Lakini moyo wangu hautulii, kwa maana sijui kama nitaweza.

Barua hii ataileta Abdirahim, dereva wa lori la unga anayepita Kutulo. Ndani nimeweka ule ukurasa wa mambo kumi na moja, nimeuchana. Siutaki tena ndani ya daftari mpaka wewe uuone. Ni mwandiko wangu, ni wa kabla ya Jumapili, ili ujue kwamba sikukosa kujua.

Nisalimie Mama Hani, na umwambie Hani nimemwekea utepe wa nywele wa rangi ya machungwa. Hooyo anakusalimu sana wewe kaka yake, anasema unywe dawa ya kifua hata kama husikii kitu kifuani. Aabo amekusalimu, akasema neno lake mwenyewe atakuambia mtakapoonana, kwa mdomo. Mungu awateremshie mvua kabla ya Ramadhani, ajaze kisima chenu, na akupe badala iliyo bora kuliko Barwaqo.

Kila barua yangu huwa unanirudishia ikiwa na alama nyekundu. Hii, Abti, usinisahihishie lugha. Nirudishie ukurasa ule tu, na nyuma yake uandike kama umenisamehe.

Mpwa wako akupendaye na anayengoja lori la kurudi,

Ilwad