Mfuko wa Ndagala

Jumatatu, 6 Mei

Tumepima ndagala, dagaa wa ziwa letu, tangu asubuhi. Mgongo unauma, nguo zinanuka samaki. Hii ndiyo ofisi yangu, hospitali ya Baraka, kando ya ziwa. Wenzangu niliosoma nao uchumi Kinshasa wanavaa tai.

Kila nyumba inaleta kikapu cha ndagala kavu kwenye mfuko wa matibabu. Akiugua mtu wa nyumba hiyo, anatibiwa bila kulipa. Tunauza samaki, tunanunua dawa, manesi wanapata chochote, maana serikali imewasahau tangu vita vianze. Wakubwa wa afya kule Bukavu walitaka watu wachange mwisho wa mwezi, kama ofisini. Nikawaambia mvuvi hana mwisho wa mwezi, ana giza, zile siku za kuvua. Mbalamwezi ikiwaka, samaki hawafuati taa na nyumbani hamna kitu. Walicheka. Siku hizi wanatuma watu kuja kuangalia mfuko wetu. Hata Amisi, nesi mkuu, anauringia, ingawa mimi huniita Mama Mizani.

Alhamisi, 9 Mei

Wenye bunduki wamekataza taa ziwani. Atakayewasha karabai atapigwa risasi. Eti adui asivuke.

Bila taa hakuna ndagala. Bila ndagala hakuna mfuko.

Jumanne, 14 Mei

Giza zuri la kuvulia, na mitumbwi imelala mchangani. Vikapu vichache tu. Mama Riziki, mke wa mvuvi mmoja, ameleta nusu kikapu, tumbo liko mbele, anahema. Hajakosa hata giza moja tangu tuanze.

Jumapili, 19 Mei

Mama Riziki amepasuliwa. Mtoto wa kike, mzima. Nyuzi za kushonea zimekwisha.

Ijumaa, 24 Mei

Amisi amefunga wodi ya wazazi, ufunguo ameuvaa shingoni. Mfuko ni mtupu, anasema, kwa hiyo wazazi watakaa humo mpaka walipe, kama zamani. Nikamwambia Mama Riziki alishalipa.

"Alilipa mufuko, Mama. Mufuko iko wapi? Mi niko na batoto. Batakula nini?"

Ana haki. Mama Riziki naye ana haki. Nimechoka.

Magunia mawili ya ndagala yamebaki stoo. Ni akiba ya kununulia dawa. Kanuni niliitunga mwenyewe: akiba haiguswi, hata aje nani.

Jumatano, 29 Mei

Milio ya bunduki tangu alfajiri, upande wa barabara ya Lulimba. Baraka yote inapanda milimani. Magodoro vichwani, kuku mikononi. Wodi imefungwa, wazazi wamo ndani. Amisi amekaa mlangoni. Kufungua hataki, kukimbia hataki. Nilimtukana mpaka sauti ikakauka.

Halafu nikaenda stoo. Nimeburuta magunia yote mawili mpaka miguuni pake. Nikamwambia agawane na manesi wenzake. Hakunitazama. Akavua ufunguo.

Mama Riziki ametembea ameshika kidonda. Mtoto nimembeba mimi. Njiani nilifikiria dawa tu. Dawa zote za miezi ijayo ziko kwenye sufuria za manesi. Nimeuvunja mfuko kwa mikono yangu mwenyewe.

Jumapili, 2 Juni

Tumefika Fizi, Amisi na watoto wake pia. Tunalala darasani, familia kila kona. Baridi. Kutoka Bukavu hakuna habari, na sina la kuwaambia. Sitaki kuandika.

Jumatatu, 10 Juni

Mama Riziki amekuja asubuhi, anatembea polepole, na bakuli la unga wa muhogo. Mumewe amepata kibarua shambani kwa watu.

"Mama, hii ni ya mufuko. Giza imefika."

Nikamwambia mfuko umekufa. Nyuzi hatuna, dawa hatuna, ndagala hatuna. Akaliweka bakuli mbele yangu, akakaa chini kunyonyesha.

Nimelia. Nilikuwa sijalia tangu tutoke Baraka.

Baadaye bamama wengine wamekuja. Viazi, maharagwe kidogo, sabuni nusu. Amisi amezunguka shule nzima akitafuta mizani. Amekosa. Sasa amechuchumaa mlangoni, anapima unga kwa kikombe cha chai, kwa sauti, ili kila mtu asikie.

Darasa la jirani kuna mama ana uchungu. Maji yako motoni. Sabuni ya mfuko nimeipeleka.