Kopo la Mama

Naliendele, 9 Novemba 2004

Kaka Hashimu,

Tunaokota korosho tukiwa na swaumu. Mabibo yanaoza chini kama kawaida, ila machache namkamulia mama, maana daktari alisisitiza matunda na mboga za majani.

Vile vidonge vya vitamini ulivyotuma mwaka juzi, vya kuyakinga macho yake yasizidi kuchakaa, hakumeza hata kimoja. Kopo aliliweka kabatini, akawa anawaonyesha wageni: "Kanitumia mwanangu. Atakuja kunifungulia mwenyewe." Mimi alinikataza kuligusa.

Tangu mfungo uanze haoni kabisa. Kila tukishafuturu hulipapasa lile kopo, akauliza kama Idi utakuja.

Ukija, tangulia kusema. Sura yako hataiona.

Mdogo wako,
Somoe