Nilivyofukuza mfumo endeshi Dunga

Omera, ndugu yangu Obonyo, haki ya Mungu hii si hadithi yangu ya kawaida. Ni kweli tupu.

Nilijigamba kwa wamama wanaouza samaki hapa ufuoni Dunga kwamba nimesomea kompyuta. Leo Awuor, mwenyekiti wao, akaniita. Kompyuta yao imekuwa nzito.

Nikakuta mafaili mengi ajabu, hakuna hata moja lenye jina la mtu wa Dunga! Si mtumbwi usiosajiliwa hapa tunaufukuza? Nikafuta.

Ikaniuliza kama nina hakika. Mara mbili! Mimi, msomi? Nikabonyeza ndiyo.

Skrini nyeusi. Obonyo, NYEUSI.

Awuor akapiga kelele: "Mzee, umefuta mfumo endeshi! Ndio unaamsha kompyuta na kupangia programu zote kazi. Oda za samaki kutoka hotelini tutazionaje? Ulisomea wapi?"

"Ng'ambo."

"Ng'ambo gani?"

"Kisian, hapo tu ng'ambo ya ghuba."

Akanivalisha aproni. Naparua magamba ya samaki mpaka fundi aje.